Kiwewe Hakitibiwi kwa Pole Pekee

Katika vijiji vya mashariki mwa Kongo, wanawake walionusurika ubakaji waliketi katika vikundi vidogo wakajifunza kazi moja ngumu: kuyahoji mawazo ambayo tukio liliwaachia. Hapakuwa na daktari wa akili. Aliyeongoza kikao alikuwa mwenyeji wa hukohuko, hana shahada ya saikolojia, amefundishwa mbinu moja na anasimamiwa kwa karibu. Katika vijiji vingine, vilivyopangwa kwa kura, wanawake wenye hali kama hiyo walipata mshauri wa kuwasikiliza na kuwasaidia mmoja mmoja kila walipomhitaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine. Miezi sita baada ya tiba kwisha, asilimia 9 ya wanawake wa kundi la kwanza bado walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi zilizofikia kiwango cha ugonjwa. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 42. Kwa upande wa dalili za kiwewe, mwelekeo ulikuwa huohuo.

Naanza na utafiti huo kwa sababu unavunja visingizio viwili vinavyosikika sana katika semina zetu: kwamba tiba ya kiwewe ni mambo ya Ulaya na Marekani, na kwamba bila madaktari bingwa haiwezekani. Wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma wala kuandika. Usalama ulikuwa bado wa mashaka. Vikao viliendeshwa kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Tiba ilifanya kazi hata hivyo. Lakini kuna jambo la tatu, na hilo linatugusa sisi tunaofanya kazi hii. Kundi la pili nalo lilipata nafuu, maana kusikilizwa kwa upendo kunasaidia. Nafuu yao ilikuwa ndogo kuliko ya wale waliopitishwa katika mpango wenye mwanzo, katikati na mwisho.

Nikiwa msimamizi wa washauri nasaha, hukutana na mafaili ambayo sehemu ya mpango wa tiba ina sentensi moja tu: "Mteja aendelee na ushauri nasaha." Aendelee mpaka lini? Kwa mbinu gani? Tutajuaje kwamba amepona, au kwamba tunampotezea muda? Ukifungua kurasa zinazofuata, kila kikao kimeandikwa kuwa mteja alieleza hisia zake na alipewa moyo, na kila kikao mteja anasema bado halali usiku. Mshauri ni mwema, mteja anahudhuria bila kukosa, na tiba bado haijaanza.

Mpango mzuri huanza kwa kumtambua asiyehitaji tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 70 ya watu duniani watapitia tukio la kutisha angalau mara moja maishani, na ni asilimia 5.6 tu ya hao watakaopata ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe, ule ambao wahudumu wengi wa afya wanauita PTSD. Wengi wa waliobaki hutikisika, hukosa usingizi, hulia, kisha polepole hurudi katika hali yao kwa msaada wa ndugu, majirani, ibada na kazi. Baada ya msiba kama mlipuko wa lori la mafuta Morogoro Agosti 2019, au shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, kitu cha kwanza mtu anachohitaji ni usalama, maji, simu ya kuwapigia nyumbani, habari za kweli kuhusu waliopotea, na mtu mtulivu wa kukaa naye bila kumlazimisha kuzungumza. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na mwalimu, polisi au mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuifundishwa.

Mambo mawili yanayofanywa kwa nia njema katika siku hizo za mwanzo yanapaswa kuachwa. La kwanza ni kuwakusanya manusura wote na kuwataka wasimulie kila kitu walichokiona, kwa imani kwamba wakitoa yaliyo moyoni hawataugua. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na taasisi ya Cochrane haukuona kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kinazuia ugonjwa. Katika utafiti wa majeruhi wa ajali za barabarani nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, wale waliokuwa na hofu kubwa mwanzoni kisha wakapitishwa katika kikao hicho walikuwa bado wanaumwa miaka mitatu baadaye, ilhali wenzao walioachwa wapone wenyewe walikuwa wameendelea vizuri. La pili ni vidonge vya usingizi na vya kutuliza vya jamii ya diazepamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unakataza kuvitoa kwa ajili ya dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza, na miongozo mingine ya kimataifa inaonya dhidi yake hata baadaye. Vinapumbaza hofu kwa saa chache, vinajenga utegemezi, na havigusi kumbukumbu yenyewe.

Mwezi ukipita na dalili zikabaki, hapo sasa kazi inaanza. Katika zahanati zetu mtu huyu haji akisema ana kiwewe. Anasema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, mwili unamwaka moto, tumbo linamsokota. Atapimwa malaria, atapimwa presha, atapewa dawa za vidonda vya tumbo, na atarudi tena. Mhudumu makini atauliza kama kuna jambo baya lililowahi kumpata, halafu atasikiliza mambo manne. Je, tukio linamrudia lenyewe, kwa ndoto au kwa picha zinazoingia bila kuitwa, au mwili wake hutetemeka akisikia mlio au harufu fulani? Je, anakwepa, hapiti barabara ile, hataki hata kulitaja? Je, mawazo yake yamebadilika, akijiona mchafu au mwenye hatia, furaha imekatika, watu wote wamekuwa wa kuogopwa? Na je, mwili unakaa chonjo muda wote, usingizi haushiki, mlango ukigongwa anaruka, hasira iko karibu?

Majibu hayo yaandikwe kwa namba. Dodoso moja linalotumika sana duniani lina maswali 20, kila moja lina alama kuanzia 0 hadi 4, hivyo jumla ya juu kabisa ni 80. Kwa kawaida jumla ya 31 hadi 33 na kuendelea ni dalili kwamba mtu huenda ana ugonjwa na anahitaji uchunguzi kamili. Mpaka huo uliwekwa kwa tafiti za Marekani na unaweza kuwa tofauti kwetu, kwa hiyo namba pekee isitoe hukumu. Thamani yake kubwa ni nyingine: inatupa mahali pa kuanzia kupima. Mteja aliyeanza na 58 akiwa na 40 baada ya vikao vitano, anapona hata kama mwenyewe bado anaona giza. Aliyeanza na 58 akabaki na 57, mpango wake una tatizo, hata kama anatuambia kwa heshima kwamba anaendelea vizuri. Watu wetu ni wastaarabu mno kumwambia mshauri kwamba hasaidii. Dodoso huwasemea.

Katika tathmini hiyohiyo kuna swali ambalo washauri wengi hulisahau: ni tukio lipi? Mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, anaweza kuwa ameona nyumba ikichomwa, amempoteza kaka njiani, amebakwa, kisha amepigwa na mume kambini. Ukimuuliza kwa jumla kuhusu maisha magumu, mtazunguka. Ukimuuliza ni kumbukumbu ipi inayomwamsha usiku na ambayo asingependa kabisa kuigusa, mara nyingi anajua, na humo ndimo mlango wa tiba ulipo. Ikiwa matukio ni mengi na ya miaka mingi, hasa yaliyoanza utotoni, huenda akawa na hali ile ambayo toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, limeipa nafasi yake: kiwewe changamani, ambapo pamoja na dalili za kawaida mtu hushindwa kuzimudu hisia, hujidharau kwa kina, na mahusiano yake huvunjika kila yanapoanza.

Kisha ulizia kujiua, na uulize wazi. Ulizia pombe, bangi na dawa. Ulizia kama aliyemuumiza bado analala nyumba moja naye. Kwa majeruhi wa bodaboda ulizia kama alizirai, kwa sababu kuumia kichwa hufanana sana na kiwewe na mara nyingi huja pamoja nacho. Majibu haya ndiyo yanayopanga nini kitangulie. Mwanamke anayepigwa kila wiki anahitaji mpango wa usalama kabla ya yote, kwa kuwa hofu yake ni ya kweli na inamlinda.

Sasa uchaguzi wa tiba. Zipo kadhaa zilizothibitishwa kwa watu wazima, na zinakaribiana kwa nguvu. Ipo tiba ya kuchakata mawazo ya Patricia Resick, yenye vikao 12, ndiyo iliyotumika Kongo. Ipo tiba ya kukabili ya Edna Foa, yenye vikao kati ya 8 na 15 vya dakika 90. Ipo tiba ya kusogeza macho ya Francine Shapiro, ambayo Shirika la Afya Duniani linaitambua. Na ipo tiba ya kusimulia maisha, iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, ambayo kwa sehemu kubwa ilikulia kwa majirani zetu, katika makambi ya wakimbizi ya Uganda. Zote zina shina moja. Mtu mwenye kiwewe anaishi kwa kukwepa, na kukwepa kunamnyima nafasi ya kugundua kwamba tukio limepita na kwamba maana aliyolipa si ya kweli. Kila moja, kwa njia yake, inamrudisha kwenye jambo analolikwepa akiwa salama, tena akiwa na mtu kando yake.

Tuitazame ile ya kuchakata mawazo kwa karibu. Chukua mfano wa mama aliyebakwa akirudi kutoka kisimani kwa njia ya mkato. Mzigo wake mkubwa ni wazo moja: "Ni kosa langu, nilijitakia." Mshauri asiye na mpango atamwambia mara moja, "Hapana mama, si kosa lako, usilie," na mama ataitikia kwa kichwa kwa adabu na kuondoka na wazo lake. Aliyefundishwa hatamwambia. Atauliza.

"Mama, njia ile ulikuwa umepita mara ngapi kabla ya siku hiyo?"

"Tangu nikiwa msichana. Wote tunapita pale."

"Asubuhi ile, kitu gani kilikuonyesha kwamba leo kuna hatari?"

Ananyamaza. "Hakuna."

"Kwa hiyo unavyojihukumu leo, unatumia habari ulizozipata lini?"

"Baada ya yale kunikuta."

"Na pale njiani, nani aliamua kufanya ubaya?"

Swali la mwisho huchukua muda. Pengine mama hajibu siku hiyo, anakwenda nalo nyumbani. Ndiyo kazi yake ya wiki: kila wazo lile linapokuja, alitazame kwa hatua tatu, nini kimetokea, nimejiambia nini, nimejisikiaje. Kwa asiyejua kuandika, hatua hizo hujifunzwa kwa kichwa na kurudiwa kwa mdomo. Na hapa nataka kuondoa dhana inayowatisha wengi: tiba hii hailazimishi mtu kusimulia ubakaji wake mbele ya kikundi. Mwaka 2008 Resick na wenzake walijaribu kuitenganisha vipande, wakaona kwamba hata bila mteja kuandika simulizi la tukio, matokeo yalikuwa mazuri. Kinachopaswa kuguswa ni maana ya tukio, na maana inaweza kuguswa bila kila mtu kusikia yaliyotokea.

Tiba ya kusimulia maisha inakwenda njia nyingine. Mteja hupewa kamba na kuitandaza sakafuni, mwanzo ni kuzaliwa kwake. Anaweka ua pale palipokuwa na furaha na jiwe pale palipokuwa na tukio baya, kwa mpangilio wa miaka. Katika vikao vinavyofuata anasimulia maisha hayo kwa mfuatano, na wakifika kwenye jiwe wanapunguza mwendo: ilikuwa saa ngapi, ulisimama wapi, ulisikia nini, mwili ulikuwaje wakati ule, na sasa hivi unapoongea nami mwili ukoje? Mshauri anaandika, na kikao kinachofuata anamsomea. Mwishoni mteja anakabidhiwa maisha yake yakiwa maandishi. Kwa mtu mwenye matukio mengi, ambaye hawezi kuchagua moja, nadhani hii ndiyo inayofaa zaidi. Huko Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi 43 kutoka Sudan waligawanywa katika makundi matatu. Waliopata tiba hii walipewa vikao vinne. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 yao bado walikuwa na ugonjwa, wakati katika makundi ya ushauri wa kutia moyo na ya elimu pekee walikuwa karibu asilimia 80.

Kwa uaminifu nitaje pia utafiti uliofuata, maana unapunguza makali ya hoja yangu. Katika makazi ya Nakivale, hukohuko Uganda, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia walihudumiwa na wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Waliopata tiba ya kusimulia na waliopata ushauri wa kiwewe usiofuata utaratibu mkali walifikia karibu mahali pamoja: asilimia 70 na 65 hawakuwa tena na ugonjwa, dhidi ya 37 ya waliofuatiliwa tu. Kwa hiyo mshauri aliyefundishwa vizuri kuhusu kiwewe, anayelisogelea tukio badala ya kulizunguka, anaweza kufika hata bila kitabu cha hatua. Tofauti ilionekana kwingine: asilimia 21 ya waliokuwa kwenye ushauri waliacha njiani, wakati kwenye tiba ya kusimulia waliacha asilimia 4. Wanaojua safari ina vituo vingapi huwa hawashuki mapema.

Kwa kijana wa bodaboda aliyenusurika ajali iliyomuua abiria wake, ningefikiria tiba ya kukabili. Mnaandika pamoja orodha ya anavyovikwepa, kila kimoja na kiwango chake cha hofu kuanzia 0 hadi 100. Kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa uani, 30. Kusimama kijiweni saa ya msongamano, 45. Kupanda nyuma ya mwenzake mchana, 60. Kupita eneo la ajali, 85. Anaanza chini, anabaki pale mpaka hofu ishuke au mpaka aone kwamba anaweza kuibeba, anarudia siku inayofuata. Ndani ya kikao anasimulia ajali akiwa amefumba macho, kwa maneno ya wakati uliopo, na anaisikiliza rekodi yake nyumbani. Sharti moja: orodha isiwe na hatari ya kweli. Hakuna kuendesha bila kofia ngumu wala usiku wa mvua kwa jina la tiba.

Pingamizi ninalolisikia kila mahali ni kwamba mteja "hajawa tayari". Kwamba kwanza ajengwe, atulizwe, afundishwe kupumua, na kumbukumbu iguswe baadaye, akishakuwa imara. Naielewa hofu hiyo, na kwa mtu aliye katika hatari ya kujiua wiki hii, au aliyerukwa na akili, au ambaye bado anapigwa, kungoja ni sawa. Kwa wengi waliobaki ushahidi hauungi mkono kungoja. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2021, kwa watu walioumizwa utotoni, ulilinganisha waliopewa kwanza mafunzo ya kumudu hisia na walioanza moja kwa moja na tiba ya kukabili. Mafunzo hayo ya awali hayakuwaongezea faida. Sonona nayo mara nyingi hupungua kiwewe kinapotibiwa. Hata anayekunywa pombe anaweza kutibiwa yote mawili kwa pamoja, kwani wengi hunywa ili wasikumbuke. Mara nyingi asiye tayari ni mshauri, anayeogopa machozi. Machozi katika kikao hayamwumizi mteja. Kinachomwumiza ni kuachwa katikati, na ndiyo maana kikao cha kumbukumbu hakipangwi kwa dakika thelathini huku foleni ikisubiri mlangoni.

Kuna mambo madogo ambayo vitabu vya nje havigusi, nayo ndiyo huvunja mipango yetu. Nauli: mteja anayetoka Mbagala kwenda katikati ya Dar es Salaam kila wiki kwa vikao 12 anahitaji kujua gharama hiyo siku ya kwanza, na kama hawezi kuimudu, ni afadhali vikao viwili kwa wiki kwa muda mfupi, au kikundi karibu na kwake. Faragha: chumba cha ushauri kinachopakana na dirisha la dawa hakifai kwa simulizi la ubakaji. Simu: mkubaliane ujumbe wa kumkumbusha usemeje, kama simu inashikwa na mume au mama mkwe. Mavuno, Ramadhani, shule kufunguliwa, vyote viingie kwenye kalenda ya mpango kabla ya kuwa sababu ya mteja kutoonekana.

Na imani. Wateja wengi wameshapita kwa mchungaji, kwa shehe au kwa mganga kabla ya kufika kwetu, na wengi watarudi huko baadaye. Wazo kwamba Mungu ameniadhibu ni zito kuliko mengine yote, na mshauri hana mamlaka ya kulijibu kwa niaba ya dini. Anaweza kumuuliza mteja ni fundisho lipi linalosema hivyo, na kama yuko kiongozi wa dini anayemheshimu ambaye angependa kumuuliza swali hilohilo. Nimeona jibu la imamu au padri likifungua mlango ambao mimi nisingeweza kuufungua. Watu hao waingie kwenye mpango kwa idhini ya mteja, kila mmoja na kazi yake.

Kwa watoto tuna ushahidi wa nyumbani kabisa. Mradi uliopewa jina Pamoja Tunaweza uliwahudumia watoto yatima wa umri wa miaka 7 hadi 13 huko Moshi na Bungoma, Kenya, mjini na vijijini, walezi wao wakishirikishwa, na washauri wakiwa watu wa kawaida waliofundishwa. Matokeo ya watoto 640 yalichapishwa mwaka 2020. Mara baada ya tiba, katika maeneo matatu kati ya manne, waliopata tiba walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida. Mwaka mmoja baadaye tofauti iliendelea kuonekana Kenya, ilhali Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Mbinu ileile, nchi mbili jirani, mwisho tofauti. Anayepanga tiba asidhani kwamba kilichofanya kazi Bungoma kitafanya kazi Moshi bila kupimwa Moshi.

Kupima huko kuwe na siku yake. Napendekeza dodoso kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na kikao cha nne au cha tano kiwe cha kutazama namba pamoja na mteja. Kama hazijashuka, ulizeni: je, tunagusa tukio lenyewe au lile la pembeni lisiloumiza? Kazi za nyumbani zinafanyika? Kuna jambo hajalisema? Kuna hatari mpya nyumbani? Kama yote yamejibiwa na bado hakuna mabadiliko, badilisheni tiba, au mpelekeni kwa daktari azungumzie dawa kama setralini, ambayo ina ushahidi wake. Kumaliza nako kupangwe: lini vikao vitakoma, nini kitafanyika ndoto zikirudi mwezi wa kumbukumbu ya tukio, nani wa kumpigia.

Nirudi kidogo Kongo kwa jambo ambalo watu hulipita haraka wakisoma utafiti ule. Vijiji vilivyochaguliwa mwanzoni vilikuwa 16. Matokeo yanazungumzia 15. Kimoja kiliondolewa kwa sababu ya wasiwasi kuhusu uwezo wa mshauri wake. Maana yake ni kwamba kulikuwa na mtu anayemtazama kila mshauri akifanya kazi na mwenye ujasiri wa kusema huyu bado. Wizara na mashirika yetu yanapenda kugharamia semina ya siku tano yenye vyeti na picha ya pamoja. Bajeti ya msimamizi atakayekaa na washauri hao kila wiki kwa mwaka mzima haipo. Bila bajeti hiyo, naona ni bora semina isifanyike, fedha zikasaidie washauri wachache wanaosimamiwa.

Kwa wewe unayesoma haya ukiwa na mtu nyumbani anayeamka usiku akipiga kelele, au ukiwa wewe mwenyewe ndiye huyo: ugonjwa huu unatibika, na una haki ya kumuuliza mshauri maswali manne siku ya kwanza. Unatumia tiba gani, na imethibitishwa kwa watu wenye tatizo kama langu? Itachukua vikao vingapi? Tutapimaje kama napona? Na tutafanya nini nisipopona? Mshauri aliyejiandaa atafurahi kuulizwa. Asiyeweza kujibu, mwombe kwa heshima akuelekeze kwa anayeweza, na uende.